Jembe Lisilo na Mpini

Watu wa kinu cha kahawa walimwita Mama Hakimu, naye jina hilo hakulikataa, maana alilifanyia kazi. Kunigunda alizaliwa Lituhi, kando ya ziwa, na tangu usichana wake alikuwa na mdomo wa kukata maneno. Mitumbwi ilipoingia asubuhi na usipa, wale dagaa wa ziwani, akina mama waliokuwa wakigombea nani kafika kwanza na beseni lake walimgeukia yeye, binti wa mwenye nyavu, naye akanyoosha kidole: wewe, kisha wewe, na wewe unayepiga kelele utakuwa wa mwisho. Hakuna aliyekata rufaa. Alipoolewa akapanda milimani, Mbinga, kwenye baridi inayoingia mpaka kwenye magoti, nyavu za baba yake aliziacha ufukweni lakini kidole alikuja nacho.

Miaka ile ushirika ulikuwa umelegea na soko limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walimiminika Mbinga na malori yao, kila mmoja na mizani yake na ahadi zake, na kampuni moja ikajenga kinu cha kumenya na kuosha kahawa upande wa kwenda Mkumbi, kwenye mteremko wenye kijito. Kunigunda akaajiriwa kuwa msimamizi wa wafanyakazi. Kinu chenyewe hakikuwa kigumu kukielewa. Juu, penye mashine na matangi, walikuwa wanaume, ambao walimenya kahawa mbivu, wakaivundika, wakaiosha. Chini, uwanjani, walikuwa wanawake na vichanja vyao vya kuanikia. Kati yao ulishuka mfereji wa saruji, na kahawa iliyooshwa iliteremka humo pamoja na maji mpaka ikafika kwenye wavu, ambapo wanawake waliizoa kwa ndoo na kwenda kuitandaza.

Aliyefungua lango la mfereji ni Kilian, kijana wa Litembo, mpole, mwenye sauti nzito ya kwaya. Kabla hajafungua aliita, “Mama Lidia, inashuka.” Mama Lidia ni Beata, kiongozi wa wanawake wa vichanja, mama wa yule binti aliyekuwa kwa masista akijaribu utawa, ambaye mtaa mzima ulishazoea kumwita Sista kabla hata hajavaa vazi lenyewe. Beata alijibu, “Na ishuke, mwanangu,” na wanawake wote wakashika ndoo. Ndivyo kazi ilivyokwenda, na kwa kweli ilipendeza kuisikia, mpaka msimu wa mwaka tisini na sita, pale Kilian alipoacha kuita.

Hakuacha kidogo kidogo. Jana aliita, leo kimya. Kahawa ilishuka bila taarifa, ikajaa wavuni wakati wanawake wako vichanja vya mbali wakichambua punje mbovu, na waliporudi waliikuta imelundikana juani, imeanza kupata moto. Zaidi ya hapo, kijana akaanza kuzunguka nyuma ya stoo ili asipite uwanjani, na Beata naye, Kilian akitokea upande huu, yeye aliinamia kahawa upande ule kama mtu aliyedondosha sindano. Ilibidi watu waseme, na wakasema. Wanaume wa juu walisema Beata amemnunia kijana wao. Wanawake wa chini walisema Kilian amepata kiburi. Penye wengi pana mengi, na baada ya wiki moja kinu kizima kilikuwa na pande mbili. Beata alimtuma Gertruda, mwanamke wa vichanja mwenye miguu myepesi, akaulize maji yatafunguliwa saa ngapi. Tadei, mkubwa wa waoshaji, akamrudisha na maneno haya: “Mwambie aje mwenyewe.” Beata hakwenda. Wanawake nao wakaiacha kahawa ilale wavuni mchana kutwa ili wanaume wajue.

Kahawa iliyolala hivyo hunuka, na meneja akainusa. Victor alikuwa kijana, ametumwa na kampuni, si mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa waliopenda majibu mafupi. Alimwita Kunigunda ofisini.

“Mama Kunigunda, wenye kampuni wanakuja Jumamosi. Nikiwa bado na watu wawili wasiosemezana na kahawa inayonuka, nitawaondoa wote wawili. Beata na Kilian. Sitachagua.”

“Niachie mimi,” alisema Kunigunda.

“Utawaweza?”

“Bwana Meneja, nimetoka semina.”

Na kweli alikuwa ametoka semina. Kabla ya msimu kampuni ilimpeleka Songea, kwa mwalimu mmoja aliyeitwa Abdulmajid, mtu mtaratibu mwenye asili ya pwani, aliyefundisha usuluhishi kazini. Msuluhishi si hakimu, alisema Abdulmajid. Hana rungu. Kwanza ajue nani anagombana na nani. Asitoe jibu, awasaidie wenyewe walipate. Na alichoambiwa faraghani kibaki faraghani. Mwishoni akaonyesha namna ya kuwaketisha wagomvi wakitazamana, ili kila mmoja aone kwamba mwenzake naye ni mtu. Kunigunda alisikiliza yote, lakini lililomwingia hasa ni lile la kuketisha, kwa sababu lilikuwa kitu ambacho mtu anaweza kuamka na kukifanya. Hayo mengine aliona anayajua. Nani anagombana na nani? Hata kuku wa pale kinuni walijua.

Basi Jumatatu asubuhi akaleta mabenchi mawili ofisini, akayaweka yakielekeana, karibu kiasi kwamba magoti yangegusana. Akamwita Beata, akamketisha. Akamwita Kilian. Kijana alifika mlangoni, akaona aliyeketi, akarudi nyuma hatua moja.

“Ingia, baba, hapa haumwi mtu,” Kunigunda alisema, akamshika mkono, akamketisha mbele ya Beata. “Sasa tazamaneni. Kilian, anza wewe. Mwambie mama huyu, usoni kwake, kakukosea nini.”

Kilian alitazama saruji. Beata alivuta kanga mpaka ikafunika nyusi. Kunigunda akangoja, kwa sababu semina ilisema ngoja. Akangoja tena. Jasho lilimtoka kijana, na ofisi ile ilikuwa baridi.

“Hata jina humwiti siku hizi,” alimchokoza. “Ulikuwa ukimwita vizuri tu. Hebu mwite nisikie.”

Hapo Beata alisimama. Alitoka na kanga yake usoni, na wanawake wa uwanjani waliomwona wakasema analia, na walikuwa sahihi. Kilian naye akatoka kwa mlango wa nyuma, akavua aproni ya mpira, akaitundika langoni, akaenda zake. Mpaka saa sita habari ilikuwa imefika kila kichanja: Mama Hakimu ameitisha kesi, na kijana amemliza mama wa watu. Wanawake wakaweka ndoo chini. Juu, wanaume wakafunga maji. Kabla ya usuluhishi kinu kilikuwa kinanuka; baada ya usuluhishi kikasimama kabisa.

Kunigunda alikasirika mno, na hasira yake iliwapitia wote kwa zamu, Beata, Kilian, mabenchi, na Abdulmajid na Songea yake, mpaka ikarudi nyumbani kwa mwenyewe. Alijua amekosea mahali. Asichokijua ni wapi. Na kuomba radhi kwake kulikuwa kama kumeza mwiba wa samaki, lakini jioni ile alijifunga kanga ya pili na kupanda njia ya kwenda kwa Beata.

Alipiga hodi, akakaribishwa jikoni. Binti alitoka ndani, akapiga goti, “Shikamoo, mama,” na Kunigunda akashangaa kumwona Lidia amevaa gauni la kawaida, nywele amesuka.

“Marahaba, Sista. Uko likizo?”

Lidia alicheka kidogo, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Kunigunda akaanza maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, kwamba nimekuja, mama Lidia, kwa ajili ya yale ya asubuhi, na hapo hapo jicho lake likaangukia ukutani, nyuma ya mtungi wa maji. Palikuwa na jembe jipya. Chuma chake bado kilikuwa na rangi ya dukani, na kamba ya mgomba ilikuwa imefungwa kwenye tundu lake, mahali pa mpini.

Katika nyumba kama ile, yenye binti, jembe jipya lisilo na mpini haliendi shambani. Limeletwa na watu wa kijana. Nyumba ikikubali, italitia mpini, na hapo ndipo posa itatajwa kwa sauti. Nyumba ikikataa, litarudi lilivyokuja, na hakuna aliyesikia kitu. Wakati huo wa katikati ni wa kunyamaza.

“Limetoka nyumba gani?” Kunigunda aliuliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua kuwa anayo.

Beata alisukuma kuni. “Litembo.”

Kunigunda aliviona vyote kwa mpigo: kijana hawezi tena kumwita Mama Lidia kwa sauti, mbele ya watu, mwanamke ambaye pengine kesho ni mkwewe. Hawezi kupita mbele yake, hawezi kumtazama usoni, wala hawezi kuketi benchi moja naye, sembuse kuelekeana magoti. Na mama naye vivyo hivyo. Wote wawili walikuwa wakiheshimiana kwa nguvu zao zote, na kinu kizima kilikuwa kimeitazama heshima hiyo kikaiita ugomvi. Naye msimamizi, binti wa ziwani aliyelelewa katika mila hiyo hiyo ya ukwe, alikuwa amemshika kijana mkono na kumwambia amtaje.

“Dada,” alisema Beata, “nilitamani ardhi ipasuke.”

“Nisamehe, mama Lidia. Nisamehe sana. Lakini mbona hukuninong’oneza?”

“Ningenong’ona nini? Mjomba wa Lidia yuko Namswea, hajajibu. Mtoto mwenyewe hajaenda kuwaaga masista. Leo niseme, kesho mjomba akatae, mwanangu atabaki na jina gani? Huko si mtawa, huku si mchumba.”

“Na meneja akiwafukuza wote wawili Jumamosi, kama anavyosema?”

“Mimi nitalima. Ila mjomba aliuliza neno moja tu kuhusu yule kijana. Aliuliza kama ana kazi.”

Sasa mzigo ulikuwa wazi, na ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Kilian akipoteza kazi, jembe linarudi Litembo. Na ili asiipoteze, mtu angetakiwa kusema jambo ambalo mama huyu alikuwa tayari kufukuzwa kuliko kulisema. Kunigunda alisimama, akajifunga kanga vizuri.

“Mimi humu sikuona jembe,” alisema. “Mwambie kijana, kwa njia mnazozijua ninyi, kesho arudi kazini.”

Njiani alijiambia ukweli, na hakujipunguzia. Jambo la kwanza kabisa alilofundishwa Songea lilikuwa kujua nani anagombana na nani, na ndilo aliloliruka. Beata na Kilian hawakuwa na ugomvi wowote. Waliogombana ni hawa wengine wote. Siri ya mtungi muulize kata. Yeye alikuwa ameuliza kuku.

Kilian alirudi. Kunigunda akamtuma juu ya kijito akasafishe mahali maji yanapoingilia, akamtuma na Beata stoo akashone mikeka iliyotoboka. Kisha akazungumza na wanaume peke yao, karibu na matangi, akawasikiliza bila kuwakatiza, jambo lililowatia wasiwasi. Akashuka, akawasikiliza wanawake. Halafu akawakusanya wote uwanjani. Mabenchi hakuyaleta. Aliwaambia wakae kuzunguka lile lundo la kahawa iliyoharibika, mtu apate anapopata, na wote wakakunja pua.

“Kilian ana kiburi,” alianza Gertruda.

“Beata ndiye aliyeanza,” alisema Tadei.

“Hao wawili hawapo,” alisema Kunigunda. “Tuzungumze ya sisi tuliopo. Nani hapa amechoka na harufu hii?”

Kila mtu alikuwa amechoka nayo. Basi akauliza kazi inamuumiza nani wapi, na ikawa kama kufungua lango. Tadei alisema wao wako ndani ya maji ya baridi tangu alfajiri, na wavu ukiziba chini, maji yanarudi na kufurika juu, wanaanza upya. Hilo wanawake hawakulijua. Gertruda alisema wakiwa vichanja vya mwisho hawasikii kitu wala hawaoni kitu, wanakuta lundo limeshapata moto, na lawama zote ni zao. Hilo nalo wanaume hawakulijua. Walikuwa wamefanya kazi kwenye mfereji mmoja msimu wa tatu sasa.

“Na tulipokuja kuuliza tukafukuzwa,” Gertruda aliongeza.

Tadei alikuna kidevu. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba neno lake lile halikuwa zuri, na kwamba siku ile miguu ilikuwa inamuuma.

“Na sisi ile siku tuliiacha makusudi,” alisema Gertruda. “Nayo haikuwa vizuri.”

“Sasa mnataka nini?” aliuliza Kunigunda.

Wakanyamaza, na hapo ndipo alipoteseka. Jibu alikuwa nalo tangu jana usiku, zima, limeiva. Kidole kilikuwa kinamuwasha. Alikificha kwapani, akakibana na mkono, akatazama mlima. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine alisema jua linapanda. Kunigunda akaendelea kuutazama mlima kama anayeuona mara ya kwanza.

“Mimi nilisoma shule ya misheni,” alisema Gertruda mwishowe, polepole, akiwa bado anafikiri. “Hatukuwa tunaitwa mmoja mmoja kwa jina. Kengele inalia, tunakuja.”

“Kuna rimu ya lori nyuma ya stoo,” alisema Tadei.

“Ikipigwa, hata kichanja cha mwisho tutasikia.”

“Na sisi tutajuaje mmesikia?”

“Tutagonga ndoo.”

“Nani apige rimu?”

“Aliye langoni. Awe nani, asiwe nani.”

Halikuwa jibu la Kunigunda. Yeye alikuwa amepanga mtu wa kusimama katikati ya mteremko na kupokezana maneno, na akilitazama vizuri sasa aliona kwamba mtu huyo angekuwa na siku mbili za bidii na msimu mzima wa uvivu. La rimu lilikuwa bora. Kukubali hilo moyoni kulimchoma kidogo, kisha kukampendeza. Kabla ya adhuhuri rimu ilikuwa imening’inizwa kwenye mti wa langoni, na Tadei alikuwa ameipiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi wenye kampuni walikuja na gari lao jeupe. Rimu ililia, ndoo zikajibu, kahawa ikashuka ikakuta mikono inaingoja, na uwanja ulikuwa na harufu ya kahawa mbichi iliyo safi, ambayo kwa anayeijua inashinda manukato. Wageni walitumbukiza mikono vichanjani, wakanusa viganja, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini Victor hakuwa mjinga. Aliwaacha watangulie kidogo, akamvuta Kunigunda pembeni.

“Mama, nimetazama tangu asubuhi. Wale wawili bado hawasalimiani. Kijana amegeuza mgongo kule, mama amejifunika huku. Uliniambia utawapatanisha.”

“Kahawa inanuka, Bwana Meneja?”

“Hainuki.”

“Kazi imesimama?”

“Haijasimama. Lakini nataka kujua, nani alikuwa na kosa?”

“Sikuuliza.”

Victor alimtazama. Hili lilikuwa jibu geni kutoka kwa Mama Hakimu.

“Ulinipa kinu chenye ugomvi,” alisema Kunigunda, “nakurudishia kinu chenye kazi. Hao wawili, hakuna mkono bora kuliko wao, juu wala chini. Waache na ukimya wao. Nauchukua juu yangu, na ukiharibu kahawa hata kidogo, uniondoe mimi.”

Alisema hivyo bila kupepesa, na Victor, aliyekuwa na wageni wa kupeleka chakulani, akaona hilo ni jibu fupi la kutosha. Hakumwondoa mtu.

Kahawa ikaisha mitini, mvua zikakaribia, na ilikuwa Jumapili moja ya mwisho wa msimu, kanisani, padre aliposoma matangazo ya ndoa. Akamtaja Kilian wa Litembo. Akamtaja Lidia, binti wa Beata. Mabenchi ya upande wa wanaume yaligeuka, na ya upande wa wanawake yakageuka, na watu wa kinu wote walikuwa wakimtazama mtu mmoja. Kunigunda alifungua kitabu cha nyimbo, akawa anatafuta ukurasa.

Walimngoja nje. “Mama Hakimu,” alisema Tadei, “ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ilipokuwa si yangu kuisema.”

Tadei alitikisa kichwa, akacheka mwenyewe. Gertruda hakucheka. Alikuwa akikumbuka yote waliyoyasema vichanjani kuhusu kiburi cha kijana yule, na uso ulikuwa umemwiva.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuosha kahawa ya mwisho. Kilian alisimama langoni, mgongo kwa uwanja, akapiga rimu. Gertruda alikuwa karibu na wavu, ndoo mkononi, na zamu ya kujibu ilikuwa yake. Aliinua mkono, akasita. Kisha akatembea mpaka alipokuwa Beata, akamkabidhi ndoo, na wanawake wengine wote wakaacha mikono yao itulie. Beata alielewa. Aliivuta kanga usoni, akageukia upande wa pili wa mlima kama adabu inavyotaka, akaigonga ndoo mara moja, taratibu. Juu kule, baada ya kitambo kidogo, rimu ikajibu mara moja, taratibu vile vile. Na misimu iliyofuata, kila asubuhi kabla ya kazi, mkwe na mkwewe walisalimiana hivyo, na watu wa kinu walinyamaza mpaka wamalize.